Sauti Juu ya Kinu

Wanawake walivuta kanga zao vichwani, wote kwa mara moja, kama vifaranga walioona kivuli cha mwewe. Aliyekuwa amenyoosha miguu juani aliikunja. Aliyekuwa akinyonyesha aligeukia ukuta. Sauti ya mwanamume ilikuwa imesikika ndani ya ua, na siku ile ua ulikuwa wa wanawake peke yao. Ilikuwa siku ya kutwanga mpunga wa harusi, siku ambayo hata mwenye nyumba huchukua kiti chake akaenda kukaa barazani kwa jirani.

"Baba Sikuzani, ni wewe?" Tekla alipaza sauti, mchi wake ungali juu. "Mzee mzima huna haya?"

Akageuza shingo kumtafuta. Mchi ukashuka bila yeye kuuangalia, ukakutana na mchi wa Pelagia kwenye mdomo wa kinu, na kidole cha Tekla kikawa katikati. Akapiga ukelele. Mpunga ukamwagika jamvini.

Hapakuwa na mwanamume. Mlango wa ua ulikuwa umefungwa kwa komeo tangu asubuhi. Macho yalizunguka, yakapita kwenye mitungi, kwenye nyungo, kwenye banda la kuku, kisha yakaanza kurudi mpaka yote yakatua kwa Zamda.

Zamda alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote, mgongo umelielekea jua, mikono miwili kwenye mchi, mdomo wazi kwa neno ambalo hakulimaliza. Yeye naye alikuwa akimtafuta huyo mwanamume kwa macho. Alikuwa ameisikia ile sauti kama wenzake walivyoisikia, na ilimchukua muda kutambua kwamba ilitoka kifuani mwake.

"Mama Siku," Pelagia alinong'ona, "hebu sema tena."

Zamda aliulaza mchi chini taratibu, kama mtu alazaye mtoto. Akararua pindo la kanga yake, akapiga magoti, akamfunga Tekla kidole vizuri, akakaza fundo. Ndipo akaingia ndani.

Huko Ng'ambo, mtaa wa Tabora walikokaa, mchele wa harusi haukupelekwa mashineni. Mwaka ule wa hamsini na tano mashine ya kukoboa ilikuwapo mjini, nayo ilimaliza gunia zima huku mwenye gunia bado anasalimiana na watu. Lakini wa harusi ulitwangwa nyumbani, mama wa bibi harusi akiimbisha. Mama asiyeweza kuimba alikuja kumwomba Zamda, na Zamda hakuwahi kukataa, awe Mwislamu wa mjini au Mkristo wa mashambani. Alishakwenda hata Ntalikwa, kwao Tekla, akaimbisha harusi ya kanisani mpaka padre akatoka kusikiliza.

Michi mitatu katika kinu kimoja inahitaji wimbo. Kila mtwangaji hungoja neno lake. "Mpunga," anaanza mwimbishaji, na mchi wa kwanza unashuka. "Vua," unashuka wa pili. "Kanzu," unashuka wa tatu, na wapepetaji waliokaa na nyungo zao wanaitikia, "Tukuone weupe wako!" Wanacheka kila mara, maana wote wanajua ni nani mwingine atakayevua kanzu siku ya harusi. Kinu chenyewe kina sauti nene. Sauti nene ya mtu ikiingia humo huzama. Yahitajika sauti nyembamba, ipite juu ya kishindo kama ndege apitavyo juu ya mto, na Zamda alikuwa nayo tangu usichana wake. Chini ya sauti ile michi haikuwahi kugongana.

Na sasa ilikuwa zamu ya Sikuzani, kitinda mimba wake. Mabinti wa watu wote alikwishawaimbia. Huyu ndiye aliyekuwa akimwekea sauti hiyo.

Kilichomfikisha pale kilianza kiangazi cha mwaka uliotangulia. Joto lilimpanda akiwa amekaa kimya, kutoka kifuani mpaka masikioni, hata asubuhi za baridi za Juni wenzake wakiwa wamejikunyata. Usiku alikuwa akishuka kitandani akalala sakafuni, shavu kwenye saruji. Alisahau chumvi kwenye mchuzi. Alilia kwa ajili ya kuku aliyekuwa amemchinja mwenyewe. Na Nassibu mumewe, fundi viatu, mtu mpole waliyekuwa wakitaniana naye tangu ujana, akimgusa begani Zamda aliona kama ameguswa gogo. Alimgeuzia ukuta, kisha akaumia kwa sababu amemgeuzia ukuta.

Damu ya mwezi ilikuwa imekatika. Wanawake wakubwa walikuwa na neno moja tu kwa jambo hilo. "Ni utu uzima huo. Vumilia."

Aliyemwambia neno la pili ni Eustadia, nesi wa zahanati ndogo ya misheni, binti aliyekulia mtaa huohuo na kuchezea pumba za kinu cha Zamda. Kwenye msiba mmoja alimwona Zamda akijipepea kwa ungo huku watu wote wamejifunika. Akaja kukaa karibu naye, akachukua ule ungo, akampepea yeye, bila kumuuliza kitu mbele za watu. Walipokuwa wakitoka akasema, "Mama, hilo lina dawa siku hizi. Daktari wetu mgeni huwatibu nayo wanawake wa kwao."

Ilikuwa sindano ya mafuta, rangi ya asali nyepesi. "Ni mafuta gani?" Zamda aliuliza, amekunja uso. "Ya karanga," Eustadia akamjibu, "na dawa ya nguvu ndani yake." Zamda akacheka hivyohivyo amelala kifudifudi. "Basi mngenipa karanga nitafune."

Akawa anakwenda kila wiki. Na dawa ikafanya kazi. Alilala usingizi hata jogoo akawika peke yake. Magoti yalinyooka. Alitwanga kama msichana wa kuvunja ungo, na mchana mmoja alifunga mlango wa mbele akamwita Nassibu kutoka kwenye kiti chake cha kazi. Nassibu alikuja na uzi mdomoni. Kiatu cha karani wa reli kilibaki kimeachama mpaka alasiri, na karani alipokuja kukidai, fundi hakuweza kumtazama usoni kwa kicheko.

Siku ya kwanza ya sindano Eustadia alikuwa amemwonya. "Mama, daktari anasema sauti ikianza kukwaruza, usichomwe tena mpaka akuone. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mwanangu."

Na alikuwa amesikia kweli. Lakini mavuno yakaja, malori yakaleta mpunga kutoka Igunga, na harusi zikafuatana. Kila msimu wa kutwanga sauti ya Zamda hukwaruza. Ni vumbi la pumba, huingia kooni likakaa. Kila mwaka hulamba asali asubuhi na jioni, na mvua za kwanza zikinyesha sauti hurudi safi kama kioo. Mwaka ule ilikwaruza, akalamba asali. Ikazidi, akazidisha asali. "Sauti vipi, mama?" Eustadia alimuuliza, na Zamda akajibu, "Pumba tu hizo, si unazijua." Eustadia alizijua. Mama yake mwenyewe alizeeka kwenye kinu. Akacheka, akavuta dawa kwenye bomba.

Kesho yake baada ya michi kugongana, Zamda alikwenda zahanati. Tekla alimfuata nyuma bila kualikwa, kidole kikiwa juu kama mshumaa.

"Rudi nyumbani, shoga," Zamda alimwambia kwa ile sauti.

"Nina kidonda mimi. Nakwenda kutibiwa. Njia ni ya serikali."

Daktari, mzee mrefu mwenye nywele nyeupe, alimwangaza kooni kwa kioo kidogo. Alitazama muda mrefu. Alipozima taa alizungumza na Eustadia kwa Kiingereza, polepole, na Eustadia akawa ameshika pindo la aproni yake.

"Anasema nini?" Tekla aliuliza. "Mbona umekauka hivyo?"

"Anasema ile dawa inaitwa testosteroni." Eustadia alitazama sakafu. "Ni kitu cha mwilini, mama. Mwili wa mwanamke unayo kidogo, na ikipungua nguvu humpotea. Mwili wa mwanamume unayo tele. Ndiyo inayovunja sauti za wavulana wanapobaleghe."

Nje mtu alikuwa akisafisha ndoo kwa mchanga.

"Mwanangu," Zamda akasema. "Umenichoma uvulana?"

"Nilikwambia ni dawa ya nguvu. Niliona haya kutaja lile jingine. Na nilikuona ulivyokuwa ukiteseka."

"Nilikuwa nikiteseka," Zamda alikubali. Hata kwa mshtuko ule hakuweza kumkana binti aliyempepea. "Basi niache. Nipumzike, mvua zinyeshe, itarudi. Kila mwaka hurudi."

Eustadia alitafsiri. Daktari alitikisa kichwa, na Zamda asiyejua Kiingereza hata neno alielewa kabla ya kuambiwa.

"Hivyo vinywele alivyoviona kidevuni mwako huenda vikapungua, mama. Chunusi hizo nazo zitakauka. Lakini sauti ikishashuka haipandi tena. Alitaka tuache ilipoanza kukwaruza kwa sababu hiyo."

"Nilidhani ni pumba."

"Na mimi nilidhani ni pumba," Eustadia akasema, machozi yakamdondoka.

"Mwambie aipandishe!" Tekla akafoka. "Ana makabati yote haya, yamejaa chupa mpaka juu! Aipandishe!"

Daktari hakumkemea. Alizunguka meza yake, akaja kukaa kwenye benchi la wagonjwa, pembeni ya Zamda, magoti yake marefu yakipita usawa wa kifua. "Pole," alisema. "Pole sana, mama." Hakuwa na Kiswahili kingine cha kutosha. Akasema mengine kwa lugha yake na Eustadia akayaleta. Alikuwa amempa dawa nyingi mno. Dawa yenyewe bado ni ngeni, hata huko kwao wanaendelea kujifunza kipimo chake. Kulikuwa na vidonge vingine vya kike, visivyogusa sauti, ambavyo vingezuia joto lisirudi, navyo vina matata yake ambayo safari hii angeyaeleza yote.

"Nichome mimi hiyo ya sindano," Tekla akasema ghafla.

Wote wakamgeukia.

"Mnanitazama nini? Huu mwaka wa pili sijui usingizi. Mimi sina sauti ya kupoteza, hata kanisani wananiweka nyuma. Nitanguruma kama fahali, mradi nilale."

Zamda alisikia kicheko kikimpanda. Kikatoka kinene, kikajaa chumba, naye akakikata kwa kiganja, kwa hofu. Vile vidonge alivichukua. Akavifunga kwenye pindo la kanga, upande usioraruliwa, bila kusema kama atavimeza.

Siku ile nyumbani Zamda aliwaamkia wapita njia kwa mkono.

Chumba cha ndani alikuwamo Sikuzani, mwali, amepakwa liwa na kufungiwa dirisha. Kwa desturi ya nyumba yao sauti ya mwali haikutakiwa kuvuka kizingiti mpaka ndoa ifungwe. Akitaka maji au uji, alikuwa akigonga kikombe cha bati kwa kijiko. Alasiri ile akagonga. Mama yake akaleta maji, akayaweka chini, akageuka.

"Mama," mwali alinong'ona.

Zamda alisimama, mgongo ungali umemwelekea.

"Jana nilisikia. Nilidhani ni baba."

Mama alivuta mlango nyuma yake, polepole.

Nassibu alirudi akamkuta ameketi uani karibu na kinu, anatoa mawe kwenye mpunga ambao ulishachambuliwa. Alivuta kigoda.

"Tekla amenieleza. Kwa nusu sauti, kwa hiyo mtaa mzima umesikia." Alingoja. "Hata mimi nilidhani ni pumba, mke wangu. Kila mwaka ni pumba."

Zamda aliinua kidevu kumwonyesha. Mwangani vile vinywele vilionekana, vyeusi, vigumu, alivyokuwa akivificha kwa kanga tangu mwezi uliopita. Nassibu alivitazama. Alishtuka, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kujua kuficha, mshtuko ulimpita usoni wote waziwazi. Kisha akasimama. Akaenda kwenye sanduku lake la kazi, akarudi na kikoleo kidogo cha kung'olea misumari ya soli, akakiosha kwa maji ya moto, akakiosha tena. Akamgeuza mkewe uso ulielekee jua.

"Tulia."

Alivuta mmoja. Akavuta wa pili. Mikono yake ilinuka ngozi na nta.

"Huchukizwi?" Zamda aliuliza.

"Mimi nina ndevu tangu ulipoolewa. Wewe umechukizwa?"

Akavuta mwingine. Zamda machozi yalimtoka, pengine kwa maumivu ya kidevu.

"Nani atamwimbia Siku?"

Nassibu alikaa na kikoleo mkononi. Mara nyingi alikuwa na jibu la mzaha. Safari hii alikipangusa kikoleo kwa kidole gumba. "Hapo sijui," alisema. "Hapo, mke wangu, sijui kabisa."

"Basi kesho peleka gunia mashineni."

Gunia halikufika mashineni. Asubuhi Tekla aligonga mlango wa ua kwa kiwiko, nyuma yake Pelagia na wanawake wengine na nyungo zao, kama vile hakuna lililotokea.

"Mwangaluka, mayo!" alimwamkia kwa Kinyamwezi, kama alivyomwamkia mama yake mzazi. "Sikuvunjwa kidole ili mchele utoke mashineni. Baba Sikuzani, chukua kiti chako uhame."

Nassibu alihama mbio.

Zamda alikaa na wapepetaji, kanga imefunika kidevu. Pelagia alishika wimbo. Sauti yake ilikuwa nyembamba ya kutosha, lakini akivuta pumzi neno linachelewa, na neno likichelewa mchi unasitasita hewani, kisha unashuka kwa pupa. Kila mtu aliona. Hakuna aliyesema, na Zamda aliona pia kwamba hawasemi kwa ajili yake. Walipomwaga kinu cha kwanza, akachota kiganjani. Chenga. Nusu ya punje zilikuwa zimevunjika, chakula cha kuku.

Alizichezesha kwa kidole gumba. Mchele wa Sikuzani.

Akasimama. Alimwendea Pelagia na kunyoosha mkono, na Pelagia akampa mchi haraka, kwa shukrani ya mtu aliyetuliwa mzigo. Mpunga mpya ukamiminwa. Michi mitatu ikapanda juu.

"Mpunga," Zamda akaanza.

Likatoka nene, likaingia kinuni na mchi, likazama humo. Tekla alikaza macho kumtazama midomo. "Vua," akasema Zamda, na Tekla akashusha kwa kubahatisha. La tatu halikusikika kabisa. Msichana mmoja kule nyuma aliguna kicheko, akafinywa. Pelagia, aliyekuwa ameshika mchi wa mwingine, alibaki nao juu, hajui ashuke au angoje. Mkono wa Tekla mmoja ulikwishaanza kwenda kwenye kanga yake kuikaza kichwani, kwa mazoea tu, kwa kuwa sikio lake liliambiwa tena kwamba kuna mwanamume uani. Zamda aliuona mkono ule.

Ting.

Wakageuka. Sauti ilitoka kwenye dirisha lililofungwa.

"Mwali anataka maji," mtu akasema.

Ting. Ikatulia. Ting. Ikatulia. Ting. Haikuwa ya kuita. Mwenye kiu hugonga kwa papara. Hii ilikuwa na mwendo, moja baada ya moja, nyembamba, ikipita juu ya ua mzima, na kila mwanamke aliyewahi kutwanga pale aliujua mwendo ule kabla hajaufikiria, maana walikuwa wameutwangia miaka yote. Ndani mle palikuwa na msichana aliyelelewa nao tangu tumboni.

Zamda alilitazama dirisha. Akakaza mikono kwenye mchi.

"Mpunga," akasema. Ting. Mchi wake ukashuka.

"Vua." Ting. Ukashuka wa Tekla.

"Kanzu." Ting. Ukashuka wa Pelagia, palepale pake.

Kwa pumzi moja nyungo zilisahau kuitikia. Kisha mwitikio ukatoka, kwanza kwa wazee, "Tukuone weupe wako!" na kikombe kikaendelea, na michi ikaendelea, na kati ya kishindo na kishindo ile sauti nene ya Zamda ikawa inasikika chini kabisa, kama kitu kinachosogezwa ndani ya nyumba ya jirani. Vumbi la pumba lilianza kupanda. Tekla alitwanga kidole chake kikiwa kimenyooka pembeni, jasho likimtiririka, na kanga yake ikaanza kuteleza kichwani. Ikafika shingoni. Ikaangukia mabegani.

Akaiacha hapohapo.